Kujitengenezea amplifaya ya daraja D kwa hedifoni: je, kuna faida?

Hedifoni ya kawaida ya omu 32, yenye usikivu wa desibeli 100 kwa miliwati moja, haina njaa ya umeme. Miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, inatosha kuifanya ipige kwa desibeli 100, kiwango ambacho sikio halipaswi kukivumilia kwa muda mrefu. Ukishusha sauti hadi desibeli 80, nguvu inayotumika ni sehemu moja ya mia ya miliwati hiyo. Kila anayetaka kujitengenezea amplifaya ya hedifoni aanze na namba hizi kabla hajanunua hata rezista moja, kwa kuwa daraja D lilipata umaarufu kwa kutatua tatizo la upande wa pili kabisa: kutoa makumi na mamia ya wati bila kuzipoteza kwa joto.

Hata hivyo, mvuto wake kwa fundi wa nyumbani unaeleweka. Vibao vidogo vyenye chipu ya PAM8403 vimeenea katika maduka ya vipuri, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, na spika nyingi ndogo za bluetooth zina chipu za jamii hiyo hiyo. Kibao kinatumia volti 5 za chaja ya simu, bei yake ni ndogo, na maelezo yake yanasema wati tatu kwa kila upande. Mtu anakishika mkononi na kuwaza: kama kinaendesha spika, hedifoni itakishinda nini? Jibu ni refu kuliko swali, na ndani yake mna karibu kila kitu ambacho fundi anapaswa kujua kuhusu amplifaya za aina hii.

Tuanze na namna inavyofanya kazi. Katika amplifaya za madaraja A, B na AB, transista ya mwisho hufuata umbo la sauti hatua kwa hatua. Mara inapitisha umeme kidogo, mara zaidi, mara karibu wote, na muda wote huo volti inayobaki juu yake ikizidishwa kwa mkondo unaopita hugeuka joto. Daraja D halina hali hiyo ya katikati. Transista ama inapitisha umeme wote, ama haipitishi kabisa. Inapopitisha, volti juu yake ni karibu sifuri. Inapozuia, mkondo ni sifuri. Kwa vyovyote, joto ni dogo.

Sauti huingia kupitia komparata, ambayo huilinganisha na wimbi la pembetatu lenye masafa ya juu sana, mara nyingi mamia ya kilohezi. Sauti ikipanda, matokeo hukaa juu kwa muda mrefu zaidi katika kila mzunguko; ikishuka, hukaa chini zaidi. Kinachopatikana ni msururu wa mapigo ya mraba ambayo upana wake hubadilika, na wastani wa mapigo hayo ndio muziki wenyewe. Kazi ya koili na kapasita mwishoni ni kuondoa mapigo na kuacha wastani.

Wazo hili ni la zamani. Mwingereza Alec Reeves alilipendekeza katika miaka ya 1950, na mwaka 1964 kampuni ya Sinclair Radionics, iliyoanzishwa na Clive Sinclair, ilitoa X-10, amplifaya ya daraja D iliyouzwa kwa watu wa kujiunganishia wenyewe. Jina lake liliahidi wati 10, lakini iliishia kutoa kama wati 2.5. Transista za germaniamu za siku hizo hazikuweza kuwaka na kuzimika kwa kasi na kwa uhakika uliohitajika. Suluhisho lilikuwa transista ya MOSFET, ambayo Mohamed Atalla na Dawon Kahng waliibuni katika maabara za Bell mwaka 1959, lakini ilichukua muda mrefu kukomaa kwa kazi za nguvu. Sony iliitumia katika TA-N88 ya mwaka 1978. Leo swichi, komparata na ulinzi vyote vimo ndani ya chipu isiyozidi ukucha. Kwa hiyo historia ya daraja D sokoni ilianzia kwenye meza ya fundi wa nyumbani, na mimi naona ni haki fundi huyo arudi kwake akiwa na ujuzi zaidi.

Sasa hesabu ya umeme, kwa sababu sababu ya kwanza ambayo watu huitaja wanapochagua daraja D ni kuokoa betri. Chukua chipu ya TDA1308, ya daraja AB, iliyotengenezwa mahususi kwa hedifoni. Ikiwa imewashwa bila kupiga chochote hutumia takriban miliampia 3, ambazo kwa volti 5 ni miliwati 15. Ikianza kutoa miliwati moja kwa kila sikio kwenye omu 32, mkondo wa sauti una kilele cha karibu miliampia 8, na wastani unaovutwa kutoka kwenye betri ni miliampia 2.5 kwa kila upande. Hiyo ni miliwati 25 kwa pande mbili. Jumla ni miliwati 40. Ufanisi huo ni mbaya, asilimia tano tu, na mtu akiuona peke yake atakimbilia daraja D bila kugeuka nyuma.

Lakini PAM8403 hutumia takriban miliampia 16 kwa volti 5 kabla haijatoa sauti yoyote. Hizo ni miliwati 80. Imekwisha kushindwa kabla mbio hazijaanza. Sifa ya ufanisi wa asilimia 85 au 90 inayoandikwa kwenye maelezo ya chipu za daraja D ni ya pale zinapotoa nguvu karibu na kikomo chake. Chini kule kwenye miliwati, umeme karibu wote unaliwa na mitambo ya ndani inayowasha na kuzima swichi kubwa mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kutumia chipu ya spika kuendesha hedifoni ni kukodi lori la tani saba kubeba kilo moja ya sukari: sukari inafika, ila mafuta yaliyotumika ni ya lori.

Watengenezaji wa simu wanalijua hili. Ndani ya simu nyingi, spika ya nje huendeshwa na daraja D, ilhali tundu la hedifoni, pale linapokuwapo, huendeshwa na daraja AB au jamaa zake wa madaraja G na H, ambayo hushusha volti ya umeme sauti inapokuwa ndogo. Hata hivyo ni makosa kuhitimisha kwamba daraja D haliwezi kabisa kazi ndogo. Vifaa vya kuwasaidia watu wenye uziwi vimetumia daraja D kwa miongo kadhaa, kwa betri ndogo ya zinki yenye volti 1.4 hivi. Huko swichi zimepunguzwa zikalingana na kazi, na koili ya kipaza sauti kilicho ndani ya sikio ndiyo inayofanya kazi ya kuchuja. Tofauti si daraja lenyewe. Ni ukubwa wa swichi.

Upande wa pili wapo pia wanaohitaji lori kweli. HiFiMan HE-6, hedifoni ya omu 50, ina usikivu wa desibeli 83.5 tu kwa miliwati moja. Kufikisha vilele vya desibeli 110 kwayo kunataka karibu miliwati 450, yaani volti 4.7. Watu wengi wameiendesha kwa amplifaya za spika, na hapo chipu kubwa ya daraja D kama TPA3116D2 ina maana. Kwa hedifoni tisa kati ya kumi zinazopita mikononi mwetu, hapana.

Tuseme fundi ameisikia hesabu hii na bado anataka kutumia kibao chake, kwa sababu anacho tayari. Atakutana na tatizo ambalo limeua chipu nyingi kimyakimya. Katika PAM8403 na ndugu zake, kila upande una waya mbili za kutoa sauti, na zote mbili ni hai. Moja inapopanda, nyingine inashuka. Hakuna hata moja iliyounganishwa na ardhi. Kwa spika hilo ni jambo jema, kwa sababu linaongeza maradufu volti inayopatikana. Jeki ya hedifoni ya milimita 3.5, kwa upande wake, ina sehemu tatu: ncha kwa kushoto, pete kwa kulia, na shina linalotumiwa na pande zote mbili. Ukiunganisha waya hasi za pande mbili kwenye shina hilo, umekutanisha matokeo mawili yanayotaka kwenda njia tofauti. Chipu ikiwa na bahati itajizima. Isipokuwa na bahati itaungua.

Wengine hukwepa kwa kuunganisha shina kwenye ardhi na kuchukua waya chanya peke yake. Hili ni baya zaidi kwa hedifoni, kwa sababu waya hiyo hukaa kwenye nusu ya volti ya umeme hata muziki ukiwa kimya. Volti 2.5 juu ya omu 32 ni miliampia 78 za mkondo wa moja kwa moja, karibu miliwati 200 zinazopasha koili nyembamba kuliko unywele na kuisukuma upande mmoja bila kupumzika. Ni lazima kapasita ikae katikati. Kapasita ya maikrofaradi 470 na omu 32 hukata sauti zilizo chini ya hezi 11 hivi, ambazo hakuna anayezihitaji. Ya maikrofaradi 100 hukata kuanzia hezi 50, na hapo besi inaanza kukonda. Njia safi kuliko zote ni kubadilisha waya wa hedifoni yenyewe, uwe na njia nne zinazojitegemea na plagi ya pini nne au ya milimita 4.4. Ni kazi ya jioni moja kwa anayejua kulehemu, lakini baada ya hapo hedifoni haitaingia kwenye simu bila adapta, na adapta hiyo isitumiwe kinyume.

Halafu kuna sauti ya "shhh". Chipu za spika hukuza kwa desibeli 20 na zaidi, PAM8403 hadi 24, kwa sababu spika iko mbali na sikio na haina usikivu. Hedifoni imekaa juu ya sikio. Chukua amplifaya ambayo kelele yake ni maikrovolti 100 tu, kiasi ambacho spika ya chumbani haitakionyesha kamwe. Kwenye hedifoni ya omu 32 yenye usikivu wa desibeli 105, kelele hiyo husikika kama desibeli 40 hivi, sawa na chumba chenye utulivu wa kawaida, ila sasa iko ndani ya kichwa chako katikati ya kila wimbo wa taratibu. Kwa hedifoni ndogo zinazoingia ndani ya tundu la sikio, hali huwa mbaya zaidi.

Dawa ya kale ni kuweka rezista mbili baada ya kichujio: omu 22 mfululizo, kisha omu 4.7 sambamba na hedifoni. Sauti na kelele vyote hushuka kwa desibeli 16, na kelele ya 40 inakuwa 24, ambayo hutaisikia. Ukinzani ambao hedifoni inauona nyuma yake ni chini ya omu 4, nao uko ndani ya kanuni ya mafundi kwamba usizidi sehemu ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Rezista ya omu 22 iwe ya wati moja. Njia hii inafanya kazi vizuri, na masikio yatashukuru. Lakini angalia tulichokifanya: kupata miliwati moja sikioni, amplifaya sasa inatoa karibu miliwati 50 ili 49 zipashe rezista moto. Sababu yote ya kuchagua daraja D imechomwa kwenye rezista.

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni kichujio, kwa kuwa hapo ndipo michoro mingi iliyokusudiwa spika huharibika ikihamishiwa kwenye hedifoni. Chukua thamani za kawaida kwa spika: koili ya maikrohenri 10 na kapasita ya maikrofaradi 1. Vinakutana kwenye kilohezi 50, juu kabisa ya uwezo wa sikio, na kwa spika ya omu 4 mambo ni shwari. Ila kichujio cha namna hii kinategemea mzigo kukituliza. Uwiano wa koili na kapasita hizi hukipa kichujio ukinzani wa asili wa omu 3.2; mzigo ukiwa omu 32, mara kumi zaidi, kichujio kinapandisha mawimbi yaliyo karibu na kilohezi 50 kwa desibeli 20. Mzigo ukiwa omu 300, hupanda juu zaidi, na kikomo ni upotevu wa koili yenyewe. Kilele hicho hakisikiki moja kwa moja, lakini mguu wake unafika kwenye muziki: kwenye kilohezi 20 sauti imeshainuka kwa desibeli 1.5. Kelele za juu zinazotoka kwenye simu au kompyuta na kuangukia hapo hukuzwa bila mtu kujua, hadi hedifoni inapoanza kupata joto lisiloelezeka.

Kwa omu 32, hesabu sahihi ni tofauti kabisa: koili ya maikrohenri 150 na kapasita ya nanofaradi 68. Bado vinakutana kwenye kilohezi 50, lakini ukinzani wa asili sasa ni omu 47, na mzigo wa omu 32 unakituliza vizuri bila kilele wala kushuka mapema. Koili ya maikrohenri 150 inayobeba ampia 5 kwa ajili ya spika ingekuwa kubwa na ya gharama. Kwa hedifoni mkondo hauzidi makumi machache ya miliampia, kwa hiyo koili ndogo kama punje ya hindi inatosha bila kushiba sumaku. Hapa udogo wa kazi unatusaidia kwa mara ya kwanza, na haukupaswa kupuuzwa na wale wanaonakili michoro ya spika.

Inabaki hatari ya mtu kuchomeka hedifoni ya omu 300, au kuchomoa kabisa. Kichujio kile kile kikikutana na omu 300 kitapanda kwa desibeli 16. Ulinzi wake ni rahisi: rezista ya omu 47 ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 220, zote mbili sambamba na tundu la hedifoni. Kwa sauti za kawaida njia hiyo karibu haionekani. Kwa masafa ya juu inakuwa mzigo wa kudumu unaokituliza kichujio hata pakiwa patupu. Sijaona sababu njema ya kuiacha. Kapasita za kichujio ziwe za filamu, au za kauri aina ya C0G. Zile kauri za bei ndogo za X7R hubadilisha uwezo wake kadiri volti inavyobadilika, na kitu kinachobadilika pamoja na sauti huipotosha sauti.

Basi kama chipu za sokoni ni kubwa mno, kwa nini fundi asijenge swichi yenye ukubwa wa sikio? Inawezekana, tena kwa vipuri vya mitambo ya kidijitali vilivyoko kila duka. Chipu ya 74HC14 ina milango sita ya kugeuza yenye vizingiti viwili: kimoja cha kupandia, kingine cha kushukia. Ukichukua mlango mmoja, ukaweka kapasita ya pikofaradi 220 kutoka kwenye kiingilio chake hadi ardhini na kurudisha matokeo kwenye kiingilio kupitia rezista ya kiloomu 15, utapata kipigo kinachojiendesha chenyewe. Ukiingiza muziki mahali hapo hapo kupitia kapasita ya maikrofaradi 1 na rezista nyingine ya kiloomu 15, upana wa mapigo huanza kufuata muziki. Masafa huangukia kati ya kilohezi 300 na 400, kutegemea chipu uliyopata, na uwiano wa rezista mbili ndio kiwango cha kukuza. Zikilingana, volti inayoingia ndiyo inayotoka, na kwa kuwa simu nyingi hutoa volti ya kutosha lakini mkondo mdogo, hicho ndicho tunachokitaka.

Milango ya 74HC ni dhaifu kwa kuendesha hedifoni. Hatua ya mwisho iwe chipu ya 74AC04, moja kwa kila upande, milango yake yote sita ikiunganishwa sambamba. Kila mlango umepimwa kwa miliampia 24, na sita pamoja hukaa na ukinzani wa omu 2 au 3. Kwa volti 5, nusu ya juu na nusu ya chini ni volti 2.5 kila moja, ambazo juu ya omu 32 hazizidi miliwati 98, na juu ya omu 300 ni miliwati 10. Zote ni nyingi kuliko sikio linavyohitaji.

Muhimu ni mahali pa kuchukulia rezista ya kurudishia. Ikichukuliwa kwenye mlango wa kwanza, makosa ya hatua ya mwisho yanabaki bila kusahihishwa. Pitisha mapigo kwenye mlango wa pili wa 74HC14, kisha kwenye 74AC04, halafu rudisha kutoka hapo. Ishara imegeuzwa mara tatu, kwa hiyo inarudi ikiwa kinyume kama inavyotakiwa, na swichi halisi imeingia ndani ya duara la kujisahihisha. Matumizi yake ya umeme wakati wa ukimya ni miliampia chache, kwa sababu swichi ni ndogo na koili kubwa inapunguza mkondo unaokwenda na kurudi bure. Hapa ndipo hoja ya kuokoa betri, iliyokufa kwa PAM8403, inafufuka.

Saketi hii ina udhaifu ambao sitaki msomaji aukute peke yake usiku. Vizingiti vya 74HC14 hufuata volti ya umeme: volti ikitetema, vizingiti vinatetema, na sehemu kubwa ya kelele ya chaja inapita moja kwa moja hadi kwenye hedifoni. Chaja za simu za bei ndogo ni chafu. Tumia betri, au regyuleta nzuri yenye kapasita za kutosha baada yake. Betri nne za kuchaji za volti 1.2 hutoa 4.8 na ni chaguo bora. Nne za kawaida zikiwa mpya huvuka volti 6, ambazo ni kikomo cha kufanyia kazi cha chipu hizi. Tena, kadiri sauti inavyoongezeka ndivyo masafa ya mapigo yanavyoshuka, kwa hiyo usiisukume hadi kileleni.

Chipu za 74AC hubadilika kwa nanosekunde chache, na kasi hiyo ina gharama. Waya wa sentimita tano unageuka antena, na waya wa hedifoni wenye urefu wa zaidi ya mita unageuka antena bora zaidi. Ubao wa kuchomeka bila kulehemu haufai hapa. Lehemu kwenye kibao chenye upande mmoja wa shaba uliounganishwa na ardhi, weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye miguu ya umeme ya kila chipu, miguu yenyewe ikiwa mifupi kabisa, na koili ikae hatua moja tu kutoka kwenye matokeo. Asiye na osiloskopu ana kipimo kingine kizuri: redio ya masafa ya kati, ile inayoanzia kilohezi 531 hadi 1602. Mapigo ya kilohezi 350 huzaa wajukuu kwenye 700, 1050 na 1400, wote ndani ya bendi hiyo. Redio ikikoroma ikiwa mita moja kutoka kwenye amplifaya, kichujio au mpangilio wako una kasoro. Ikikoroma ukiigusisha tu, umefanya kazi nzuri.

Kwa ubora wa sauti peke yake, sina budi kusema wazi kwamba daraja D la mezani halitamshinda mpinzani wake wa kawaida. Amplifaya ndogo iliyopewa jina la Chu Moy, yenye opampu moja pacha, rezista chache na betri ya volti 9, ni rahisi zaidi kuijenga, haina mapigo ya kuchuja, na upotoshaji wake ni mdogo kuliko ambao milango ya 74AC inaweza kuufikia. Anayetaka kusikiliza muziki wiki hii ajenge hiyo. Daraja D la hedifoni ni la anayetaka kujua jinsi ulimwengu wa sauti unavyoendeshwa leo, kutoka spika ya simu hadi muziki wa ukumbini. Kwa mkondo mdogo usioweza kuchoma nyumba, utajifunza vichujio, mrejesho, mionzi ya redio na usafi wa umeme, yote katika kibao kimoja. Sijui saketi nyingine ya bei hiyo inayofundisha mengi hivyo. Kununua kibao cha PAM8403 na kukiunganisha moja kwa moja na jeki hakukupi sauti wala elimu, na sikushauri.

Masikio yako hayana vipuri. Amplifaya ya spika yenye volti 3.5 kwenye hedifoni ya omu 32 inaweza kutoa zaidi ya miliwati 370, ambazo kwa usikivu wa desibeli 100 ni desibeli 125 na ushee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa hiyo siku ya kwanza, weka rezista ya omu 33 mahali pa hedifoni, washa, na pima volti ya moja kwa moja kwenye tundu baada ya dakika moja. Zima, washa tena, pima mara ya pili. Ikizidi milivolti 20, usichomeke hedifoni hadi umepata sababu. Ikiwa chini ya hapo, anza na hedifoni ya bei ndogo, sauti ikiwa chini kabisa, kabla hujaivaa.